Mkunjo wa Vidole Vinne

Mkiletewa kaye iliyovaa vizuri kuliko mtu aliyeileta, ivueni kwanza, ndipo mseme karibu. Hilo ndilo neno la kwanza ninalowaachia ninyi makatibu vijana wa parokia, mnaoshika leo kazi niliyoishika mimi hapa Bunia miaka thelathini na kitu. Najua mna simu zinazopiga picha kila ukurasa. Ni jambo jema, namshukuru Mungu kwa hilo. Lakini simu hupiga picha ya kinachoonekana, na sehemu kubwa ya kazi yetu ilihusu kilichokaa chini ya jalada.

Kwa msiojua mambo ya zamani: kila kapela ya nje ilikuwa na kaye yake ya ubatizo. Si kitabu kikubwa cha parokia chenye mgongo wa ngozi. Ni daftari la shule tu, lenye mistari na jedwali la kuzidisha ndani ya jalada la nyuma. Padiri akienda kubatiza, katekista aliandika majina humo. Kila baada ya miezi mitatu alipanda pikipiki, au alitembea, akaileta kwa katibu, na katibu akanakili majina katika kitabu kikubwa. Njiani kaye ilipitia mvua, vumbi, jasho la kwapa, panya, mchwa, na mtoto anayetafuta karatasi ya kuwashia moto. Bila jalada haikumaliza mwaka. Ndivyo nilivyogeuka fundi wa majalada bila kuomba.

Aliyenifundisha ni Masera Tereza, mtawa mfupi, miwani yake imefungwa kwa uzi mweusi. Mimi nilikuwa nimetoka seminari ndogo. Nilisoma humo miaka minne, kisha Mungu akaniita kwenye ndoa badala ya altare, na sijalalamika siku hata moja. Masera alinitazama mikono, akasema, “Mikono ya kusoma. Tutaona kama inaweza kukunja karatasi.” Haikuweza. Jalada langu la kwanza lilikaa kwenye kaye kama koti la baba kwa mtoto wa miaka sita.

Kosa langu kubwa la mwanzo lilikuwa plastiki. Mvua zilikuwa zinakaribia. Nikanunua plastiki nzito, inayong'aa, nikavika kaye kumi na mbili, nikaunganisha kingo kwa moto wa mshumaa hadi hakuna tundu la kupita hata chungu mdogo. Nilijiona nimemaliza matatizo ya jimbo zima. Baada ya miezi mitatu akaja katekista wa upande wa Irumu, akaweka kaye mezani, akarudi nyuma hatua mbili. Nilipoifungua nikaelewa kwa nini alirudi nyuma. Harufu ilikuwa ya soksi zilizolala ndani ya buti. Karatasi zilikuwa zimetoka jasho, zikashikana, ukungu ukapanda, wino ukatembea kutoka jina moja hadi lingine.

“Umeizika ikiwa hai,” Masera akasema.

Hakunigombeza zaidi ya hapo. Alinituma mimi mwenyewe kwenye ile kapela, kwa miguu, nikaulize majina nyumba kwa nyumba. Siku nne. Tangu hapo najua kwamba karatasi inapumua. Plastiki ni nguo ya njiani tu: weka kaye ndani ya mfuko wakati wa safari, na ukifika itoe, iache ipate hewa.

Kitu kizuri kuliko vyote, hadi leo, ni karatasi ya mfuko wa simenti. Usichukue ile ya nje iliyochapwa, wala ile ya ndani iliyogusa simenti. Chukua ya katikati. Ikung'ute, ifute kwa kitambaa kikavu, ilaze kivulini siku moja chini ya ubao. Haipasuki kwenye mgongo, haitelezi, na mwizi haitamani. Karatasi ya kalenda ni nzuri kwa macho lakini hupasuka mkunjoni, na tena ina sura za wakubwa wa serikali. Leo sura hiyo inapendwa, kesho mwenye nayo anaulizwa maswali. Kitambaa hushika vizuri mkononi lakini hunywa maji. Ngozi ya mbuzi isiyokauka vizuri huita mbwa hadi mlango wa ofisi. Nimewaona hao mbwa, wamekaa kwenye mstari na Wakristo wengine.

Kuna katekista mmoja wa njia ya Nyankunde aliyepewa suruali kuukuu, kitambaa kigumu cha kijani chenye madoa. Akaona ni bahati. Akakata mguu mmoja, akavika kaye ya ubatizo. Kwenye kizuizi cha barabarani, njiani kuja mjini, askari akaishika.

“Hii nguo ulitoa wapi?”

“Ni ya kaye, shefu. Kaye ya batizo.”

“Kaye iko mu jeshi?”

“Hapana, shefu.”

“Basi ju ya nini inavaa vile? Na haya majina yote ni ya nani? Soma. Moja moja.”

Akasoma majina mia moja na zaidi, amesimama juani, ya watoto wachanga watupu. Alipomaliza, askari alikuwa amekaa chini. Akamrudishia kaye, akamuuliza kwa sauti ndogo, “Na miye, mwalimu, munaweza nibatiza?” Walimbatiza mwaka uliofuata. Lakini kitambaa tulikitoa.

Mwingine alitumia picha ya hospitali, ile nyeusi inayoonyesha mifupa. Kwa kweli ni jalada la nguvu, maji hayapiti. Mama mmoja akaiinua kwenye mwanga wa dirisha.

“Mbavu ya nani hii?”

“Sijuwe, mama.”

“Haujuwe, na unataka kuandika mutoto yangu ndani?”

Jumapili ile hakuna mtoto hata mmoja aliyeandikwa.

Masera alinifundisha pia kushuku. Kulikuwa na mtu aliyetuletea kaye safi kabisa, jalada zuri, pembe zote nne kali kama wembe. Alitaka kuonyesha kwamba ndoa yake ya kwanza haikuwahi kuandikwa popote, maana ndoa huandikwa pembeni ya jina la ubatizo. Nilishika kalamu ninakili. Masera akaweka kidole juu ya ukurasa. “Miaka tisa ya ubatizo,” akasema, “na stilo ni moja tu, haikuisha wala kubadilika?” Yule mtu alikuwa ameandika kaye nzima upya nyumbani kwake, na jalada likafunika mahali palipopaswa kuwa na muhuri wa kapela, kashe kama tunavyosema hapa.

Siku ile shuku ikaingia ndani yangu ikavuta kiti. Nikatunga kanuni zangu. Jalada likatwe dirisha mahali pa kashe. Mkunjo wa ndani, mbele na nyuma, uwe mpana vidole vinne, ubandikwe kwa gundi ya muhogo kwenye jalada la kaye lenyewe, na katibu atie sahihi kwenye ukingo, nusu juu ya mkunjo, nusu juu ya kaye. Mtu akifungua, sahihi inapasuka, unamjua. Hakuna kinachoingia chini ya mkunjo, hakuna kinachotoka. Nilijivunia mkunjo ule kuliko kazi nyingine yoyote. Nyumbani mke wangu, Mama Esperance, alikuwa akinicheka: “Huyu muzee hata mufuniko ya sufuria anafungua mara mbili, aone kama ile sombe ya kwanza ndiyo iko bado ndani.”

Sasa niwaambie juu ya Rosine, maana yote niliyosema bila yeye ni nusu tu.

Ulikuwa mwaka wangu wa mwisho ofisini. Rosine alikuwa binti wa miaka ishirini na miwili hivi, mtu wa upande wa Gety, aliyekimbilia Bunia akiwa mtoto na kulelewa na mama mmoja wa shirika lao la sala ambaye naye alikuwa ameshakufa. Ndoa yake ilipangwa Jumamosi. Padiri alihitaji cheti cha ubatizo, na familia ya bwana arusi ilikihitaji zaidi ya padiri. Jumatatu akaja ofisini na shangazi wa bwana arusi, Mama Georgette, mwanamke mpana wa mabega ambaye alikaa kwenye benchi langu kama mwenye benchi.

“Muzee Katibu,” akasema, “siye hatumukatae huyu binti. Tunataka tu kujua anatoka wapi. Hakuna baba, hakuna mama, hakuna parrain ya batizo. Hata mbuzi ya soko iko na karti yake ya veterineri.”

“Shangazi, miye si mbuzi,” Rosine akasema.

“Nilisema karti. Sikusema mbuzi.”

“Uliisema.”

“Ona, iko na masikio pia. Vizuri.”

Nikaanza kumuuliza Rosine maswali yangu. Jina la padiri aliyembatiza. Rangi ya vazi la padiri siku hiyo. Jina la mama yake wa ubatizo. Mawili ya kwanza alijibu haraka, nikajiambia moyoni: anayejibu haraka amefundishwa. La tatu alisita kidogo, nikajiambia: anayesita hajui. Mnaona, wanangu? Mtu mwenye shuku hakosi ushahidi kamwe. Wakati huo sikuliona hilo. Niliona tu binti mtulivu kupita kiasi.

Kitabu kikubwa cha parokia yao kilipotea wakati wa vita. Kilichobaki ni kaye ya kapela, na ilikuwa kwa Mwalimu Zakaria, katekista aliyeipokea kutoka kwa mwalimu wa zamani kabla huyo hajafa. Zakaria aliishi kwenye kambi ya waliokimbia, pembeni ya mji. Nikamwita. Akafika Jumanne asubuhi, mtu mrefu wa maneno machache, kaye imelala kifuani mwake chini ya koti.

Na ile kaye ilikuwa imevaa kitenge kipya cha maua mekundu, kimeshonwa kwa uzi mdogo mdogo, safi kuliko koti la Zakaria na kuliko langu.

“Nani alishona hii?” nikauliza.

“Bibi yangu, Muzee,” akasema, yaani mke wake.

“Lini?”

“Mwaka jana. Ile jalada ya ndani ilianza kuchoka pembeni.”

“Basi fungua kitenge nione ya ndani.”

Akaniangalia. Akatabasamu kidogo. “Hapana, Muzee. Haifunguliwe.”

“Nani amesema?”

“Nilikatazwa.”

“Na nani?”

“Na mukubwa moja.” Na tabasamu bado liko pale, kama mtu anayejua kitu ambacho mimi sikijui. Damu ikanipanda. Kaye ya zamani, nguo mpya, mwenyewe anakataa isivuliwe, tena anacheka. Masera angesema nini?

Nikafungua kurasa tu. Nikafika mwisho. Siku ya mwisho ya ubatizo katika kapela ile, kabla watu hawajakimbia, mwalimu wa zamani aliandika juu ya ukurasa kwa mkono wake mzuri: watu ishirini na watatu. Nikahesabu majina chini yake. Kumi na saba. Ukurasa ukaisha, na ndio uliokuwa ukurasa wa mwisho. Rosine hakuwemo.

“Majina sita yako wapi?”

“Sijuwe, Muzee. Nilipokea kaye vile iko.”

“Karatasi imetoka humu, Zakaria. Mtu ameitoa, kisha ameshona kitenge juu.”

Tabasamu likaondoka. “Muzee, unasema ni miye?”

Ningeweza kunyamaza. Badala yake nikageuka kwa Mama Georgette, aliyekuwa kwenye benchi tangu asubuhi, nikasema kwa sauti ya ofisi: “Kaye hii si safi. Siwezi kutoa cheti.”

Mama Georgette akasimama, akajifunga kitenge chake vizuri. “Basi,” akasema. “Jumamosi ni siku kama siku zingine.” Akatoka. Zakaria alitaka kaye yake, nikamkatalia, nikaiweka ndani ya kabati na ufunguo nikautia mfukoni. Alitoka bila kuniaga. Katekista kutoka kwa katibu wake bila kuaga, hilo sikuwahi kuliona.

Padiri wetu ni mtu wa huruma. Jioni ile alimwita Rosine, mimi nikiwepo, akamwambia kuna njia: Kanisa linaruhusu kubatiza kwa sharti, pale ambapo hakuna uhakika. Dakika tano tu, na cheti kitaandikwa, na Mama Georgette hatakuwa na neno. Nilidhani atarukia. Ndiyo kwanza macho yakamjaa machozi.

“Padiri, nilibatizwa. Nikikubali mara ya pili, ni kusema ile siku ya kwanza Mungu hakuwako. Na bote bale tulikuwa nabo siku ile, hata kwao hakuwako?”

“Mwanangu, ndoa yako itaahirishwa.”

“Basi iahirishwe.”

Mwongo, wanangu, angekubali. Nililijua hilo pale pale niliposimama, lakini kulijua jambo na kulikiri ni vitu viwili. Nilienda nyumbani, nikasali rozari, nikafika katikati nikasahau niko fumbo gani, nikaanza upya, nikasahau tena. Mke wangu akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia kuna mtu anataka kunidanganya. “Weye?” akasema. “Nani iko na muda ile?”

Jumatano asubuhi nilitoa kaye kabatini, nikafanya nilichopaswa kufanya kabla ya kufungua kinywa. Nilihesabu karatasi. Kaye ya shule imefungwa katikati kwa vyuma viwili. Ukichana karatasi upande mmoja, mwenzake wa upande wa pili hulegea au hutoka. Hakuna iliyolegea. Nikapitisha ncha ya kisu mgongoni nikitafuta kipande kilichobaki. Hakuna. Kurasa tisini na sita, zote ndani, vyuma vimeshika na kutu yake ya zamani. Hakuna mtu aliyewahi kutoa kitu humo.

Nikatuma waitwe Zakaria na Rosine. Mama Georgette sikumwita, lakini alikuja, akakaa mahali pake.

Nikaweka kaye mbele ya Rosine, na kwa mara ya kwanza nikamuuliza kitu ambacho sikuwa na jibu lake. “Siku ile ya ubatizo. Unakumbuka nini?”

Akafikiri. “Tulikuwa wengi. Siye tuliitwa nyuma ya bote. Mwalimu aliandika, aliandika, kisha stilo ikakauka. Akaipiga hivi mu mukono, haikutoka kitu. Akaomba krayo kwa mutoto moja ya shule. Na ukurasa ilikuwa imeisha. Akageuza kaye, akatuandika nyuma ku ngozi ya kaye, mule mu tabule ya kuzidisha.”

“Unajuaje?”

“Nilikuwa mu troisième primaire, darasa ya tatu, Muzee. Nilikuwa ninajua kusoma. Miye aliniandika pa saba mara nane. Nilifurahi ju nilijua jibu.”

Krayo, yaani penseli: hiyo sikuwa nimeitafuta. “Kwa nini hukuniambia hivyo Jumatatu?”

“Haukuniuliza. Uliniuliza jina ya padiri na rangi ya nguo yake.”

Nikageuza kaye. Ndani ya jalada la nyuma hakuna jedwali lililoonekana. Kitenge kilikuwa kimekunjwa na kushonwa juu yake. Nikachukua wembe. Hapo Zakaria akaweka kiganja chake chote juu ya kaye.

“Muzee,” akasema taratibu, “mutihani imeisha?”

“Mtihani gani?”

“Huu wa kunipima. Ulisema mutu yeyote akiniomba kufungua, hata weye mwenyewe, nikatae. Nilikataa jana. Nilizania unafurahi.”

Sikuelewa, au nilikuwa sitaki kuelewa. Nikamwambia, imeisha, mwalimu, toa mkono. Nikakata uzi wa mke wake, kitenge kikafunguka, na chini yake kulikuwa na karatasi ya simenti, ile ya katikati, iliyolazwa chini ya ubao. Mkunjo vidole vinne. Umebandikwa vizuri kabisa. Na kwenye ukingo, nusu juu ya mkunjo, nusu juu ya kaye, bila kupasuka hata uzi mmoja wa wino, sahihi yangu.

Ndipo nikaikumbuka siku ile. Tulikuwa tumekusanya makatekista wote waliokimbilia mjini, katika ukumbi wa parokia, niwafundishe kuvika kaye. Nilihitaji moja ya mfano. Nikanyoosha mkono kwa mtu wa mstari wa mbele bila hata kumtazama uso, nikachukua yake, nikaivika mbele ya watu huku nikiwachekesha kwa hadithi ya mifupa ya hospitali. Mikono ilifanya kazi, mdomo ulisema, na macho hayakusoma. Krayo iliyofifia juu ya jedwali la kuzidisha. Kama niliiona, niliidhani ni hesabu za mtoto. Nikapaka gundi. Nikatia sahihi. Nikamwambia yule mtu asimfungulie mtu yeyote, hata mimi, na ukumbi wote ukacheka.

Zakaria peke yake hakulichukua agizo hilo kama mchezo.

Nilimgeukia. Nilitaka kusema mambo mengi ya Kikristo. Yalitoka machache. “Mwalimu, jana nilikuita mwizi mbele ya watu. Leo, mbele ya watu hao hao, nakuomba msamaha. Aliyefunga majina ni mimi.”

Aliokota kitenge, akaangalia pale wembe ulipopita. “Bibi yangu atashona tena,” akasema. “Lakini kitenge utatafuta weye.”

“Ya maua mekundu,” Mama Georgette akaongeza. “Asilete ya kijivu.”

Niwaambie jinsi ya kufungua gundi ya muhogo, maana siku moja mtahitaji. Msitumie maji moja kwa moja. Chemsha maji kwenye birika, shika kaye juu ya mvuke, mbali kiasi cha kiganja, hesabu polepole hadi thelathini, kisha ingiza kisu butu cha mezani kuanzia pembeni. Ikigoma, rudi kwenye mvuke. Usivute. Na kama kilichoandikwa chini ni cha kalamu ya wino, usijaribu kabisa peke yako, kwa sababu wino huondoka na unyevu. Krayo haiondoki. Mwalimu wa zamani aliaibika pengine kuandika sakramenti kwa krayo ya mtoto; namshukuru Mungu kwa stilo ile iliyokauka.

Na juu ya mkunjo wenyewe: msibandike tena. Kunjeni tu, pembe ziingie zenyewe. Kabla ya kuvika kaye yoyote, someni jalada lake, ndani na nje, hata jedwali la kuzidisha. Kushuku si dhambi katika kazi yetu, bado naamini hivyo. Lakini anza na mikono yako mwenyewe.

Mkunjo uliachia taratibu, kama mtu anayeamka. Karatasi ya simenti iliacha alama ya kahawia, na chini ya alama hiyo jedwali likajitokeza, na katikati ya tarakimu mwandiko wa krayo, mwembamba, umelala upande. Majina sita. Kumi na saba na sita. Mama Georgette aliinuka kwenye benchi, akaja akasimama nyuma yangu, nikasikia pumzi yake. Kidole chake kikapita juu ya bega langu hadi kwenye saba mara nane.

“Rosine,” akasoma. Kisha, polepole, kama mtoto wa darasani: “Hamsini na sita.”

Rosine hakuwa anaangalia pale. Alikuwa ameweka kidole mstari mmoja chini, kwenye saba mara tisa, na hakukitoa.

“Huyu ni nani?” nikauliza. “Yohana Baraka.”

“Mudogo yangu. Alikuwa mu mugongo ya mama siku ile. Alilia wakati ya maji. Alibakia njiani, wakati tulikimbia. Miezi saba alikuwa nayo. Hakuna mahali ingine jina yake iko, Muzee. Nilikuwa ninaogopa labda niliiota tu.”

Nikavuta kitabu kikubwa, nikafungua ukurasa safi. Nilishika kalamu. Kwa utaratibu wetu, mwenye kuhitaji cheti huandikwa kwanza, ili aende zake.

“Na huyu pia utamuandika?” Rosine akauliza. “Hata kama hayuko?”

“Alibatizwa,” nikasema. “Yuko.”

Mama Georgette alivuta benchi langu kutoka ukutani hadi karibu na meza, akamkalisha Rosine, akakaa naye, bega kwa bega, mkoba wake mapajani.

“Anza na mudogo, Muzee,” akasema. “Siye tutangojea.”

Nikaanza na mdogo.